Kulimishwa usiku: kwa nini mtu analala usiku kucha na kuamka hoi

Mjomba wangu ni dereva wa lori. Anatoka Tunduma na shaba, anarudi kutoka Dar na mbolea au matairi, na katikati ya safari hizo anapumzika siku mbili tatu kwake Uyole, Mbeya. Ni katika siku hizo za kupumzika alipoanza kulalamika kwamba analimishwa.

Kwa msomaji asiye wa huku: kulimishwa ni kuchukuliwa na wachawi ukiwa usingizini, ukapelekwa kwenye mashamba yao, ukashikishwa jembe hadi alfajiri, kisha ukarudishwa kitandani kabla jogoo hajawika. Hukumbuki chochote. Unachojua ni kwamba ulilala saa mbili usiku, umeamka saa kumi na mbili asubuhi, na mwili umechoka kama uliyeshinda kwenye matuta ya viazi. Mdomo mkavu, kichwa kizito, macho yanawaka. Na kwa kuwa uchovu ni wa jembe, basi lazima jembe lilikuwepo. Hoja hiyo ina mantiki yake, tusiicheke haraka. Kasoro yake ni moja tu: inadhani mtu aliyelala hawezi kufanya kazi ngumu palepale kitandani.

Anaweza. Na madaktari wa ubongo na mishipa ya fahamu wanaochunguza usingizi wanaweza kukuonyesha kazi hiyo kwenye grafu, ikiwa na saa na dakika zake. Lakini kabla ya kufika huko tutenganishe maneno, maana kijiweni yanachanganywa sana.

Ukisema "ugonjwa wa usingizi" mbele ya wazee waliowahi kuchunga ng'ombe karibu na mapori, watakuelewa kuwa ni malale, ugonjwa wa vimelea vinavyoletwa na mbung'o. Malale huharibu usingizi kweli, mgonjwa akasinzia mchana na kukesha usiku, lakini chanzo chake ni kidudu katika damu na baadaye ubongoni. Makala hii haihusu malale. Inahusu hali ambapo mtambo wenyewe wa kulala na kuamka umeharibika, au kitu fulani kinauvuruga kila usiku. Wala si kila kichwa kinachoinama kinasinzia. Kule Mahenge, ng'ambo ya bonde la Kilombero, daktari Louise Jilek-Aall aliyeanza kutibu wagonjwa wa kifafa miaka ya 1960 alikuta watoto wanaoinamisha kichwa tena na tena kama wenye lepe la usingizi. Ilikuwa aina ya kifafa.

Usingizi wenyewe si kuzimika. Fikiria soko la Mwanjelwa usiku. Ukipita nje utaona milango imefungwa na utasema soko limelala. Ndani walinzi wanazunguka, takataka zinazolewa, mizigo ya kesho inapangwa. Ubongo uko hivyo. Mwaka 1929 daktari wa Ujerumani, Hans Berger, alichapisha namna ya kuchora umeme wa ubongo kwa kubandika vinasio kichwani, na watu wakaanza kuona kwamba michoro ya aliyelala haifanani usiku kucha. Kuna usingizi mwepesi, ambao ukiitwa unaitika na kukana kwamba ulikuwa umelala. Kuna ule mzito wa pono. Kisha mwaka 1953, Chicago, mwanafunzi aitwaye Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman wakatangaza hatua nyingine ya ajabu: macho yanacheza chini ya kope, ubongo unachangamka karibu sawa na wa aliye macho, na ukimwamsha mtu hapo mara nyingi atakusimulia ndoto. Aserinsky alikuwa amemfungia waya hizo mtoto wake mwenyewe. Nitauita usingizi wa ndoto. Duru moja, kutoka mwepesi hadi wa ndoto, huchukua kama dakika 90, na usiku mmoja una duru nne au tano.

Sasa nani anaamua lini soko lifungwe?

Jibu la kwanza lenye ushahidi lilitoka kwa Constantin von Economo. Alizaliwa mwaka 1876 nchini Romania katika familia ya Kigiriki, akakulia Trieste, akaanza uhandisi Vienna kisha akahamia udaktari. Alikuwa pia mmoja wa marubani wa mwanzo wa Austria, na vita vya kwanza vya dunia vilipoanza alirusha ndege mpaka alipofiwa na ndugu yake vitani na wazazi wakamsihi arudi. Akarudi wodini. Huko, majira ya baridi ya 1916 kuingia 1917, akakuta wagonjwa wasioeleweka. Mtu analala mchana na usiku, ukimwamsha anajibu vizuri, anakula, kisha analala tena na tonge mdomoni. Wengine walikuwa kinyume: hawapati usingizi kabisa hadi wanakufa. Wote walikuwa na uvimbe ubongoni. Mwaka 1917 alieleza ugonjwa huo, ambao ulizunguka dunia kwa takriban miaka kumi kisha ukapotea, na hadi leo chanzo chake kinabishaniwa.

Alichofanya von Economo ndicho ninachokipenda katika kisa hiki. Wagonjwa walipofariki alifungua bongo zao na kuuliza swali rahisi: waliolala mno wameharibika wapi, na waliokesha wameharibika wapi? Waliolala mno walikuwa na jeraha nyuma ya sehemu ndogo chini ya ubongo iitwayo haipothalamasi, kuelekea shina la ubongo. Waliokesha walikuwa na jeraha mbele ya sehemu hiyohiyo. Akahitimisha kwamba mbele kuna kituo cha kulaza na nyuma kuna kituo cha kuamsha. Alifariki mwaka 1931. Mwaka 1996, daktari wa mishipa ya fahamu Clifford Saper na wenzake wa Harvard walionyesha, kwa panya, kundi la seli upande wa mbele linalowaka wakati wa kulala na kutuma waya zake kwenda kuzima vituo vya kuamsha. Rubani alikuwa amelenga vizuri.

Vituo hivyo viwili vinafanya kazi kama ubao wa watoto wa kubembea: mmoja akipanda mwingine lazima ashuke, na katikati hakukaliki. Lakini ubao wa namna hiyo huyumba kwa urahisi, kwa hiyo kunatakiwa kitu cha kuuzuia. Aliyewahi kuona lori limezima katikati ya mlima Iwambi atanielewa. Utingo anaruka chini na jiwe, analisukuma nyuma ya tairi, na tani thelathini zinatulia. Ubongoni jiwe hilo ni kemikali iitwayo oreksini, iliyogunduliwa mwaka 1998 na makundi mawili ya watafiti, kila moja likifanya kazi kivyake. Inatengenezwa na seli chache mno, makumi ya maelfu tu, kati ya mabilioni ya seli za ubongo.

Seli hizo zikifa, jiwe limeondoka. Mtu anasinzia darasani, mezani, katikati ya sentensi yake mwenyewe. Akichekeshwa, magoti yanalegea na anaanguka chini akiwa na akili timamu, anasikia kila mnachosema. Hali hiyo inaitwa narkolepsi, jina lililotolewa mwaka 1880 na daktari Mfaransa Gélineau, na mara nyingi huanza katika umri wa sekondari. Nafikiria shule zetu za bweni, mwanafunzi anayesinzia kila prepo. Anachapwa kwa uvivu. Akianguka kwa kicheko anaombewa mapepo au anapewa dawa za kifafa. Narkolepsi si ya kawaida, wengi wanaosinzia prepo wamekosa tu usingizi wa kutosha, ila kuanguka kwa kicheko ni dalili ya pekee sana na mwalimu akiijua anaweza kumwokoa mtoto na fimbo nyingi.

Jinamizi nalo liko karibu na hapa. Unaamka usiku wa manane, unaona chumba, unamsikia mwenzako anapumua, lakini hata kidole hakitikisiki. Kifua kimekaliwa. Pembeni kuna kivuli. Unataka kupiga kelele, sauti haitoki. Karibu kila familia ninayoijua ina mtu aliyekabwa hivyo angalau mara moja. Kinachotokea ni hiki: wakati wa usingizi wa ndoto ubongo hulegeza misuli yote mikubwa, ukabakiza msuli mkuu wa kupumulia na ile ya macho, ili usitende unachoota. Mfaransa Michel Jouvet alionyesha hilo kwa paka, mjini Lyon, mwishoni mwa miaka ya 1950. Jinamizi ni fahamu kuwahi kuamka kabla kufuli ya misuli haijafunguliwa. Ndoto bado haijaisha, kwa hiyo kivuli kinaonekana chumbani mwako halisi. Kifua kinaonekana kukabwa kwa sababu unajaribu kuvuta pumzi kwa makusudi na misuli ya kifuani haikutii. Huisha kwa sekunde au dakika chache. Hutokea zaidi kwa waliokesha, waliobadili zamu, na wanaolala chali. Mtu wa Mbeya ataona kivuli cha jirani yake anayemshuku, na mtu wa nchi nyingine ataona kingine cha kwao. Kufuli ni ileile.

Na kufuli hiyo ikikataa kufunga kabisa? Mtu anatenda ndoto: anapiga ngumi, anaruka kitandani, anamkaba mkewe akidhani anapambana na mwizi. Mwaka 1986, Minnesota, daktari wa akili Carlos Schenck na daktari wa mishipa ya fahamu Mark Mahowald walieleza hali hii kwa wazee. Wakaendelea kuwafuatilia. Miaka kumi baadaye wakaripoti kwamba kati ya wanaume 29 waliokuwa na tatizo hilo, 11 walikuwa wameanza kutetemeka na kukakamaa kwa ugonjwa wa Parkinson. Usingizi ulikuwa umetoa taarifa mapema. Kwa hiyo mzee akianza kupigana usingizini, kabla ya kumtafuta aliyemroga, mtafutieni daktari.

Kuna kingine lazima nikitaje kabla sijarudi kwa mjomba, ingawa si ugonjwa wa usingizi. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ikikaza kuanzia Makete na Njombe hadi huku Mbeya, watu huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Asubuhi wanaamka na kichwa kinachogonga na kichefuchefu, wanasema walilala usingizi mzito. Au hawaamki. Ile hewa ya mkaa haina harufu, inanyakua nafasi ya oksijeni kwenye damu, na inakulaza kwa kukuua. Familia nzima ikikutwa hivyo, minong'ono ya ushirikina huanza kabla hata majivu hayajapoa. Jiko linatoka nje kabla ya kulala, basi.

Turudi kwa aliyelimishwa.

Siku moja nilipanda lori la mjomba kutoka Dar. Tulipofika Makambako usiku kulikuwa na baridi na gesti zimejaa madereva, tukapata chumba kimoja chenye vitanda viwili. Alilala kabla sijavua viatu. Kukoroma kwake kulianza taratibu, kisha kukawa kama lori linalopanda mlima Kitonga kwa gia ya kwanza. Halafu kimya. Mwanzoni nilishukuru. Lakini kimya kile kilikuwa na kitu kibaya ndani yake: kifua kilikuwa kinapanda na kushuka, tumbo linasukuma, na hewa haiingii. Nikawasha saa ya simu. Sekunde 31. Kisha akavuta pumzi kwa mkoromo mmoja mkubwa kama mtu aliyetolewa chini ya maji, akajigeuza, akaanza kupanda mlima upya. Nikahesabu. Ndani ya nusu saa alikatika pumzi mara 17. Fanya hesabu ya usiku mzima na utaona jembe la mjomba liko wapi.

Hii inaitwa apnia ya usingizi, yaani kukatika kwa pumzi ukiwa umelala. Mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi ya watu njia ya hewa ni nyembamba kiasi kwamba ulimi na nyama za koo zikilegea zinagusana na kuziba, kama mrija laini unaofinyana ukiunyonya kwa nguvu. Kukoroma ni sauti ya hewa ikipita kwenye upenyo. Kimya ni upenyo kufungwa. Oksijeni inashuka, moyo unahangaika, presha inapanda, mpaka ubongo unaamka kwa sekunde chache kukaza koo. Kisha unalala tena. Maamsho hayo ni mafupi mno kuyakumbuka, ndiyo maana mgonjwa anaapa kwamba alilala fofofo. Kumbe ameamshwa mara mia mbili na zaidi, na usingizi mzito ameupata kidogo tu. Madaktari huhesabu kukatika kwa sekunde 10 au zaidi. Mara tano kwa saa tayari ni tatizo. Zaidi ya 30 ni kali.

Aliyetumia maisha yake kwenye tatizo hili ni Christian Guilleminault, Mfaransa aliyebobea katika ubongo na mishipa ya fahamu, aliyehamia Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1972. Wakati huo madaktari waliamini kwamba pumzi hukatika kwa watu wanene sana tu, na moyo haukuingizwa katika hesabu. Yeye alipima presha na mapigo ya moyo wakati wagonjwa wamelala, akaona presha ikiruka kila pumzi inapokatika. Akaonyesha kwamba wembamba nao wanaupata, na watoto pia, hasa wenye mafindofindo makubwa. Mwaka 1976 yeye na wenzake waliupa ugonjwa huo jina linalotumika hadi leo. Tiba ya wakati ule ilikuwa kutoboa tundu kooni ili hewa ipite chini ya kizuizi, na wagonjwa waliolikubali tundu hilo walikuwa wamefika mwisho wa subira. Nafuu ilikuja mwaka 1981, Australia, pale Colin Sullivan alipotumia mashine inayopuliza hewa kupitia kinyago cha puani. Hewa hiyo inashikilia koo wazi kama upepo unavyolijaza puto. Guilleminault aliendelea kufanya utafiti mpaka alipofariki mwaka 2019.

Watu wengi huku kwetu bado wanahesabu kukoroma kuwa ni kulala vizuri. "Huyo amelala, msikie." Msimu wa ulanzi Iringa na Njombe utawasikia wengi zaidi, kwa sababu pombe hulegeza koo hata la mtu asiye na tatizo, na kwa mwenye apnia huongeza urefu wa kimya. Dawa za usingizi zinazonunuliwa duka la dawa bila cheti zinaweza kufanya vivyo hivyo. Kukoroma peke yake si ugonjwa; kukoroma kunakokatizwa na kimya, pamoja na kusinzia mchana, presha isiyoshuka kwa dawa na kichwa kuuma asubuhi, huko ni kwingine.

Kwa dereva, hii inatoka kitandani na kuingia barabarani. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, mazungumzo ya ajali zetu hapa Nyanda za Juu yamejaa breki na mwendokasi, na ni sawa, mteremko wa Inyala hausamehe breki mbovu. Ila kupitiwa na usingizi hakuachi alama ya kuonyesha askari. Gari likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, sekunde tatu za macho kufumba ni takriban mita 67. Saa ya mwili hushuka chini kabisa kati ya saa nane na saa kumi na moja usiku, hata kwa mtu aliyelala mchana. Aliyekesha kwa saa 17 mfululizo huendesha vibaya kama aliyekunywa.

Madereva wana dawa zao: dirisha wazi, redio juu, ugoro, kahawa. Vijana wa IT (magari ya "in transit", yanayopita tu kwenda nchi jirani) wanaopeleka magari hayo kutoka bandarini hadi Tunduma bila kulala watakutajia na nyingine ambazo sitaziandika. Dirisha na redio hazifanyi lolote la maana. Kahawa inafanya, lakini elewa inachofanya. Tangu ulipoamka, kemikali iitwayo adenosini imekuwa ikijikusanya ubongoni, na hiyo ndiyo hisia ya usingizi. Kahawa huiziba isisikike. Ni kama kubandika plasta kwenye taa ya mafuta ya dashibodi. Tenki linaendelea kukauka. Kinacholijaza ni kulala tu, na hata dakika 20 kando ya barabara, gari limezimwa, zinasaidia.

Asubuhi ile Makambako nilimsikilizisha mjomba sauti niliyoirekodi.

"Huyo ni nani?"

"Ni wewe, mjomba."

Akasikiliza kimya kilipofika. Nikaona na yeye amezuia pumzi, anasubiri. Ule mkoromo wa kuzuka chini ya maji ulipokuja akashtuka.

"Sasa hapo katikati ananikaba nani?"

"Ulimi wako mwenyewe, mjomba."

Akafikiri kidogo, akaniuliza kama ulimi nao unaweza kurogwa.

Tulipofika Mbeya tulipima presha, ikasoma 170 kwa 105. Daktari alisikiliza rekodi yote kwenye simu yangu, akamwanzishia dawa, akamwandikia rufaa akapimwe usingizi, na akamkataza kuendesha mpaka hapo. Bosi wake alinuna wiki mbili. Pombe ameacha, kilo zinapungua polepole, na kwa kuwa akilala chali ndipo inapokuwa mbaya zaidi, mkewe amemshonea mfuko mgongoni mwa fulana ya kulalia na kutia kiazi kimoja kikubwa cha Uyole, akijigeuza kimchome. Anasema usiku bado anahangaika na viazi vya watu, ila sasa anajua vimewekwa na nani.